Kubadili rimu za Hiace: za kwake, za Prado, au za kampuni nyingine?

Ukiwa na Hiace inayopiga safari za Mtwara na Newala, au Lindi na Nachingwea, ipo siku utasimama mbele ya fundi tairi huku rimu iliyopinda iko chini. Mara ya kwanza ataipiga nyundo irudi. Mara ya pili hivyo hivyo. Mara ya tatu ataiviringisha sakafuni, aitazame inavyoyumba, akuambie: "Hii tafuta nyingine, mjomba." Ukienda kwa wauza spea utakuta rimu za chuma za Hiace zimeegemezwa ukutani, za Prado zinang'aa pembeni yake, na nyuma zimepangwa za Pajero na D-Max. Muuzaji atakuapia kwamba zote ni matundu sita, kwa hiyo zote zinaingia.

Mimi niliwahi kuliamini hilo neno "zinaingia". Ulikuwa msimu wa korosho. Nyuma nilikuwa nimefunga rimu mbili za aloi zilizotoka kwenye pikapu ya kampuni nyingine. Tundu lake la kati lilikuwa dogo, fundi akalichonga kwa grainda mpaka likapita. Nilitoka Newala asubuhi, siti zimejaa, mizigo chini ya viti na juu ya keria. Kabla ya Tandahimba mama mmoja wa siti ya nyuma akaniita: "Baba, gari lako linatetemeka huku nyuma, miguu inaniingia ganzi." Nikamjibu ni barabara tu. Tulipopata kipande cha lami nzuri mtetemo haukuisha, ukawa unazidi kila nikikaribia 70. Nikasimama Nanyamba. Nati zilikuwa za moto, hazishikiki, na nilipozishika kwa kitambaa, mbili kati ya sita za tairi la nyuma kushoto zilizunguka kwa mkono bila spana. Matundu ya rimu, yaliyotakiwa kuwa duara, yalikuwa yameanza kupata umbo la yai. Niliwatafutia abiria gari jingine na kuwarudishia nauli. Yule mama alisimama akinitazama nikikusanya nati, akasema, "Ungeniamini tangu kule, baba."

Tangu siku ile sifungi rimu ngeni kabla sijaipima mwenyewe. Haya ndiyo ninayoyapima, na ndiyo nitakayotumia kulinganisha rimu za aina tatu zinazopatikana huku kwetu.

Vya kupima kwanza

Hesabu stadi za gari lako, yaani vile vyuma vya uzi vinavyokazwa nati za tairi. Hiace za umbo jipya, zilizoanza kutoka mwaka 2004, zina stadi sita. Kama gari lako ni Noah, yenye stadi tano, ruka mpaka nitakapoizungumzia. Kwa stadi sita, umbali kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu linalolitazama upande wa pili ni milimita 139.7, sawa na inchi tano na nusu. Magari mengi makubwa ya Kijapani yana kipimo hicho hicho, na hapo ndipo wengi wetu tunapodanganyika, kwa sababu rimu ikishaingia kwenye stadi tunadhani kazi imekwisha.

Kazi bado. Kuna tundu la kati. Habu ya Hiace, yaani kitovu ambacho rimu inafungwa juu yake, ina duara lililotokeza ambalo rimu inalikalia, na tundu la kati la rimu za Toyota za aina hii ni milimita 106.1. Rimu ikikaa vizuri pale, habu ndiyo inayoiweka katikati na kupokea sehemu ya vishindo vya mashimo, huku nati zikiibana tu. Rimu isipokaa pale, stadi sita zinabaki peke yake. Zinapinda kidogo kidogo kila tairi linapozunguka, nati zinalegea, na mwenye gari anamlaumu fundi kwamba hakukaza.

Namna ya kukagua haihitaji mashine. Safisha habu kwa brashi ya waya, ipake chaki ya shuleni kwenye ukingo wa duara la kati na kwenye uso wa bapa ambao rimu inaulalia. Pachika rimu, kaza nati mbili zinazotazamana kwa mkono tu, kisha itoe uigeuze. Chaki inatakiwa iwe imehamia kwenye rimu mzunguko mzima. Kwenye ile rimu yangu iliyochongwa kwa grainda, nilipokuja kuipima baadaye, chaki iligusa upande mmoja, kama mwezi mwandamo. Kwingine kote palikuwa na uwazi ambao ukucha wangu ulipita.

Kipimo cha tatu ni upana na ofseti. Ofseti ni umbali kutoka katikati ya upana wa rimu mpaka uso unaolalia habu, nayo huandikwa nyuma ya rimu kwa milimita, mara nyingi baada ya herufi ET au alama ya kujumlisha. Namba ikiwa kubwa, tairi linaingia ndani kuelekea shokapu. Ikiwa ndogo, tairi linatoka nje kuelekea barabarani. Rimu ya inchi 15 ya Hiace yenye upana wa inchi 6 ina ofseti ya 35. Hiyo ndiyo namba ya kulinganishia, lakini geuza rimu yako usome yake.

Tairi likitoka nje sana, beringi za habu zinabeba mzigo kwa mkono mrefu, sawa na ndoo ya maji uliyoinyooshea mkono badala ya kuishika karibu na mwili. Usukani unakuwa mzito, na kokoto zinamrukia bodaboda aliye nyuma yako.

Cha nne ni uzito. Hiace ni gari la kazi, na tairi lake lina herufi C baada ya ukubwa, au namba mbili za uzito mfano 107/105. Namba 107 maana yake tairi moja linabeba kilo 975, na 105 ni kilo 925 pale yanapofungwa mawili mawili kama ya lori. Tairi la Noah la 195/65R15 (upana milimita 195, ukuta asilimia 65 ya upana huo, rimu inchi 15) huwa na namba 91, yaani kilo 615. Huwezi kulifunga kwenye Hiace ya abiria kwa sababu tu limeingia. Rimu nazo zina alama. Za aloi kutoka Japani zimechorwa JWL zikiwa za magari ya abiria, au JWL-T zikiwa za malori na mabasi. Ukiiona hiyo T kwenye rimu ya kununua kwa ajili ya Hiace ya mzigo, ni ishara nzuri.

Kipenyo cha tairi zima kisipishane sana na cha mwanzo, kwa sababu spidomita, gia na breki vyote vimepangwa kwa kipenyo hicho. Tairi la 195/80R15 lina kimo cha milimita 693 hivi. Hilo likariri.

Halafu nati. Toyota, Mitsubishi na wengine wanatumia uzi wa milimita 12 kwa 1.5. Nissan ni 12 kwa 1.25. Nati ya Nissan ukiilazimisha kwenye stadi ya Toyota itazunguka mara mbili tatu halafu inakula uzi. Mdomo wa nati pia unatofautiana: rimu za chuma zinataka nati yenye mdomo wa koni, na rimu nyingi za aloi za Toyota zinataka nati yenye shingo iliyonyooka na washa bapa.

La mwisho ni upatikanaji. Tairi likipasuka Mkanaledi, pale Mtwara mjini, utapata lingine. Likipasuka katikati ya Nangurukuru na Liwale, utafunga kilichopo.

Rimu za chuma za Hiace yenyewe, inchi 15

Kwa vipimo vyote hapo juu, hii haina maswali. Tundu la kati ndilo lake, ofseti ndiyo yake, nati za koni unazo tayari, na tairi la akiba lililo chini ya gari ni la aina hiyo hiyo. Ukubwa wa 195R15C au 195/80R15 ni wa kawaida kwa magari ya abiria na mizigo midogo, kwa hiyo Masasi, Lindi mjini au Nachingwea utalipata.

Ninachokipenda zaidi ni ukuta wa tairi. Kutoka ukingo wa rimu mpaka chini kuna milimita 156 za mpira na hewa, na ndizo zinazopokea shimo. Ukienda Msimbati kwenye mchanga unaweza kupunguza upepo tairi likalala, likapanua unyayo, gari likapita. Ukirudi kwenye lami unajaza tena kufuata kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva.

Rimu ya chuma ikipinda inanyooshwa. Si mara nyingi, na si ikishapata ufa, lakini fundi wa kijijini mwenye nyundo na gogo anakufikisha nyumbani. Aloi haina huruma hiyo.

Ubaya wake ni kutu. Anayelaza gari Shangani au Mikindani, karibu na bahari, anaijua hadithi: rangi inabanduka pale kwenye mdomo unaokaa tairi, kutu inakuwa kama maganda, upepo unatoka taratibu, kila asubuhi unajaza. Dawa ni kutoa tairi, kusugua mdomo mpaka chuma cheupe kitokee, kupaka rangi ya kuzuia kutu na kuiacha ikauke kabisa. Kingine ni kwamba rimu za mtumba zimeshapigwa nyundo na wengine kabla yako. Usinunue bila kuizungusha. Fundi aifunge kwenye mashine ya kubalansi, nawe utazame mdomo wa ndani unapozunguka, maana wa nje ndio unaonyooshwa vizuri kwa ajili ya macho ya mnunuzi.

Inamfaa anayefanya kazi ya abiria au mzigo kila siku, na anayeingia barabara za vumbi. Haitampendeza anayetaka gari lake lipendeze, na sioni ubaya wa kutaka hivyo.

Rimu za aloi za Prado na Hilux

Hizi ndizo zinazoulizwa zaidi, na kwa sababu nzuri. Ni Toyota kwa Toyota: matundu sita ya 139.7, tundu la kati la 106.1, uzi wa nati ule ule. Prado yenyewe ni gari zito, kwa hiyo rimu yake si nyepesi kama ya gari dogo. Ukifanya jaribio la chaki, inagusa mzunguko mzima.

Mahesabu yanaanza kwenye upana. Rimu ya Prado ya inchi 17 iliyozoeleka ina upana wa inchi 7.5, na ofseti ya 30 kwa Prado ya umbo la 120, au 25 kwa lile la 150. Ukiilinganisha na ya Hiace, ukingo wa nje unasogea barabarani milimita 24 kwa ile ya 30, na 29 kwa ile ya 25. Kwa ndani inakaribia shokapu kwa milimita 14 au 9. Kwa rimu peke yake hilo linavumilika. Shida ni pale mtu anaponunua rimu na tairi zake kwa pamoja, kama zilivyotoka kwenye Prado.

Tairi la 265/65R17 lina kimo cha milimita 776. Ni kubwa kuliko la Hiace kwa asilimia 12. Kwanza, ukikata kona linasugua madigadi. Nimeona Hiace zilizokatwa bati kwa ndani ili tairi lipite, na pale lilipokatwa kutu haikuchelewa. Pili, spidomita ikisema 80 wewe uko karibu na 90. Tatu, ni sawa na kuongezewa urefu wa gia zote: ukipanda uwanda wa Makonde kuelekea Newala na injini ya dizeli iitwayo 5L (ya lita tatu) na gari limejaa, utakuwa gia ya pili mahali ulipozoea kupita na ya tatu. Wakati wa kushuka, breki zile zile zinalazimika kusimamisha tairi refu na zito zaidi. Hapo mimi nasema hapana bila kusita. Tena tairi hilo likipata pancha halitaingia pale chini panapokaa la akiba.

Njia iliyo sawa ni kuchukua rimu na kuacha tairi. Kwa rimu ya inchi 17, tairi la 215/60R17C lina kimo cha milimita 690, tofauti ya milimita tatu tu na la mwanzo, na hutoka na namba ya uzito 109/107, yaani kilo 1,030. Rimu ya inchi 7.5 ndiyo mwisho wa upana tairi hilo linaloukubali, kwa hiyo usichukue pana zaidi. Kwa rimu ya Hilux ya inchi 16 yenye upana wa inchi 7 na ofseti 30, tairi la 215/65R16C lina kimo cha milimita 686, na ukingo wa nje unatoka milimita 18 tu. Kati ya hizo mbili, ya Hilux ndiyo ninayoiona imetulia zaidi kwa barabara zetu. Rimu ikiongezeka inchi moja na kimo cha tairi kikabaki kile kile, ukuta wa tairi umepungua. La inchi 17 limebaki na milimita 129, la inchi 16 lina karibu 140, na shimo la barabarani linaijua tofauti hiyo.

Nati usizisahau. Uliza muuzaji akupe na nati zake za washa bapa, zote 24. Ukitumia za koni kwenye tundu la shingo iliyonyooka, koni inauma ukingo tu, aloi inatafunwa, na siku moja utakuta ufa umetoka kwenye tundu kuelekea katikati. Halafu ubaki na nati sita za koni ndani ya gari kwa ajili ya tairi la akiba la chuma, kwenye mfuko ambao konda anaujua.

Aloi iliyopasuka isichomelewe kwa ajili ya gari la abiria. Najua wapo wanaoichomelea na inashika upepo. Kushika upepo hakumaanishi itashika gari lenye watu 14. Bahari nayo inaila aloi kwa namna yake: unga mweupe kwenye mdomo unaokaa tairi, na upepo unaovuja taratibu kama ule wa kutu ya chuma.

Zinamfaa mwenye gari la familia, la ofisi au la kukodisha kwa harusi na wageni, linalokaa zaidi kwenye lami ya Mtwara, Mingoyo, Lindi mpaka Dar es Salaam. Zinamfaa pia aliye tayari kununua tairi mpya za ukubwa sahihi. Kwa mwenye bajeti ya rimu tu, anayepanga kutumia tairi za Prado zilizokuja nazo, bei nafuu ya leo itamrudia kwenye beringi na dizeli.

Kuna ndugu yao mmoja wa kumwangalia: Land Cruiser. Rimu za aloi za umbo la 80 zina matundu sita ya kipimo hicho hicho, lakini ofseti yake ni sifuri na upana ni inchi 8. Kwenye Hiace zinatoa tairi nje milimita 60. Za umbo la 100 na 200 zina matundu matano ya milimita 150, hazihusiki kabisa.

Rimu za matundu sita za kampuni nyingine

Hapa bei huwa laini kidogo na maneno ya muuzaji huwa mengi, ila kundi lenyewe si moja. Ni haki kuzitenganisha kwa tundu la kati.

Isuzu D-Max ina tundu la milimita 100.1. Kufikia 106.1 inatakiwa kutolewa milimita tatu kila upande. Kazi hiyo ikifanywa kwenye mashine ya kukereza, rimu ikiwa imeshikwa na kuzungushwa kwa kipimo, inaweza kutoka safi kabisa. Ikifanywa kwa grainda ya mkono, utapata kile nilichokipata mimi, mwezi mwandamo wa chaki. Ford Ranger ya kuanzia 2011 ina 93.1, kwa hiyo ni milimita sita na nusu kila upande, chuma kingi zaidi kinaondoka karibu na matundu ya nati. Pajero na L200 zina 67.1. Hapo ungetakiwa kutoa karibu milimita 20 kila upande, na kwa maoni yangu hiyo si rimu tena ya kubebea watu.

Nissan Patrol ina tatizo la kinyume. Tundu lake ni milimita 110, kubwa kuliko habu yako, kwa hiyo rimu inapita bila kuguswa na grainda na mtu anafurahi. Lakini inaning'inia. Inahitaji ringi ya kati ya kuziba milimita hizo karibu mbili kila upande, ya chuma au aloi, iliyokerezwa kwa kipimo. Ofseti yake ni 10, kwa hiyo tairi linatoka nje sana. Na nati zilizokuja nayo ni za uzi wa Nissan, weka pembeni.

Kwa upande wa uzito, nyingi za hizi ni rimu za pikapu, hazina udhaifu. Udhaifu unaingizwa na mkono unaozibadili. Kwa upatikanaji, ukishachonga rimu hairudi gari lake na haiuziki tena kwa mtu makini. Zinamfaa mtu mmoja tu ninayemfikiria: aliyezipata kwa bei nzuri, za D-Max au zinazokaribiana nazo, anayemjua fundi wa mashine ya kukereza, na ambaye gari lake halibebi abiria wa kulipa nauli.

Spesa sitazirefusha. Ni kipande cha kuongeza nafasi kati ya habu na rimu, au kubadili matundu. Zile nyembamba zinazovaliwa juu ya stadi zile zile zinafupisha uzi unaoshikwa na nati, na spesa yoyote inalisukuma tairi nje. Nimeziona kwenye magari ya maonyesho, zikapendeza. Kwenye Hiace ya Tandahimba yenye mizigo juu ya keria, sizitaki.

Mwenye Noah

Noah na Voxy zina stadi tano za milimita 114.3, na tundu la kati la 60.1. Rimu za RAV4, Harrier, Kluger na Mark II zina vipimo hivyo hivyo viwili, kwa hiyo mlango uko wazi zaidi kuliko wa Hiace. Angalia ofseti tu: Noah ya mwaka 2001 hadi 2007 imezoea kama 50, na rimu za RAV4 nyingi ni 35 hivi, kwa hiyo zinatoka nje. Za Honda CR-V za miaka hiyo zina tundu la 64.1 na za X-Trail 66.1, zinataka ringi ya kati. Za Wish na Premio nyingi ni matundu matano pia lakini ya milimita 100, hazikai, na asikulazimishe mtu.

Matundu matano hayatazamani, kwa hiyo pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya jirani yake. Ukipata karibu milimita 67, ni 114.3. Ukipata karibu 59, ni 100. Rula ya mwanafunzi inatosha.

Kwa hali yako

Gari ni la tajiri na unapeleka hesabu kila jioni: kaa na chuma cha inchi 15. Rimu moja ikiharibika unabadili moja, hukusanyi nne. Siku gari likilala gereji hesabu bado inaulizwa.

Gari ni lako, linakaa lami, na unataka lionekane: tafuta Hilux inchi 16 au Prado inchi 17, zote nne kwa mpigo, na tairi za C za ukubwa niliotaja. Tenga hela ya kubalansi na alaimenti ndani ya bajeti ile ile, kwa sababu rimu pana inaonyesha haraka kosa la mguu wa mbele lililokuwa limejificha.

Unaingia Msimbati, au barabara za vumbi za Liwale: chuma cha inchi 15, au Hilux inchi 16 na tairi la 215/70R16C, refu kwa milimita 14 tu kuliko la mwanzo. Kata usukani mwisho kushoto na kulia gari likiwa na mzigo kabla hujalikubali, usikilize kama linasugua.

Umeshanunua za kampuni nyingine na hela hairudi: pima tundu la kati leo. Likiwa 100, mpelekee fundi wa kukereza, kisha fanya jaribio la chaki mbele yake. Likiwa 67, ziuze kwa mwenye Pajero, atazifurahia.

Umekwama kati ya Ruangwa na Nanganga na mtu amekuazima tairi moja la gari jingine: hakikisha tundu la kati linakaa na nati zinaingia kwa mkono mpaka karibu mwisho kabla ya spana. Kama kimo chake kinatofautiana na mengine, lihamishie mbele na la mbele lirudi nyuma, kwa sababu Hiace inasukumwa na tairi za nyuma na difu haipendi vimo viwili. Kaza kwa msalaba, nati moja na inayoitazama. Nenda polepole. Simama Nanganga ukaze tena, na Mtama tena, na kama unaendelea Lindi, shuka Mingoyo uziguse nati zote kwa kiganja kabla ya spana. Iliyo ya moto kuliko wenzake ndiyo ya kuanza nayo.